Pasifiki Mbili

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tano, kundi la kwanza la kweleakwelea lilitua shambani kwangu, nami nilikuwa nasoma habari za Ulaya. Saa hiyo naikumbuka kwa sababu niliiandika pembeni mwa daftari, kama nilivyozoea kuandika saa ya kuanza kila somo. Nilipoinua kichwa, mashuke ya upande wa kaskazini yalikuwa yameshainama kwa uzito usio wake.

Mpunga ukianza kukomaa huku bonde la Rufiji, chini ya kijiji cha Ruaruke, mwenye shamba huhama nyumbani. Hujenga dungu, kibanda kidogo juu ya nguzo ndefu kupita kimo cha mtu, akakaa humo wiki sita au saba kuamia ndege. Kutoka kwenye dungu hutandaza kamba hadi pembe zote za shamba, na kila kamba huifunga makopo na chupa za plastiki zenye kokoto. Ndege wakitua, unavuta kamba ya upande huo. Makopo yanalia, ndege wanarukia kwa jirani. Jirani naye anavuta, wanarudi kwako. Ndiyo kazi yenyewe, tangu kunapopambazuka hadi jua linapozama. Haitaki nguvu nyingi. Inataka mtu asiyekuwa na jambo lingine kichwani, na mwaka ule mimi nilikuwa nalo.

Jambo lenyewe lilikuwa mtihani. Katika kitongoji chetu kulikuwa na shule shikizi, vyumba viwili vya miti na udongo ambavyo wazazi walivijenga wenyewe ili watoto wadogo wasivuke mkono wa mto kwenda shule mama wakati maji yamejaa. Nilifundisha hapo miaka kumi na mmoja kama mwalimu wa kujitolea, darasa la kwanza na la pili. Malipo yangu yalikuwa mpunga, kila mzazi kadiri alivyovuna. Elimu yangu ya darasani iliishia kidato cha nne. Iliyobaki niliitafuta mwenyewe, kitabu kimoja baada ya kingine, na kila kitabu nilikiandikia muhtasari.

Mwaka ule ikaja habari kwamba shikizi itasajiliwa kuwa shule kamili. Ilikuwa habari njema, na wanawake walipiga vigelegele. Lakini kuanzia Januari asingefundisha mtu asiye na cheti au asiye katika mafunzo ya cheti. Kuingia mafunzoni kulikuwa na mtihani mwezi wa nane, karatasi nne, na aliyeanguka karatasi moja ameanguka zote. Umri wa mwisho ulikuwa miaka arobaini na mitano. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi mitano niivuke.

Mwalimu mkuu wa shule mama ndiye aliyeniita kunieleza. Ni kijana, angeweza kuwa mwanangu wa kwanza, na alizungumza kwa adabu huku akinitazama mabegani badala ya machoni.

"Mzee wangu, hii ndiyo ya kwanza na ndiyo ya mwisho," alisema. "Ukiikosa, sina pa kukuweka."

Kiswahili sikukiogopa. Hisabati sikuiogopa, na karatasi ya malezi ya watoto niliona nimeiishi. Ilibaki Jiografia. Enzi zangu za sekondari tulikaa miaka miwili bila mwalimu wa somo hilo. Kiranja aliandika ubaoni kutoka kitabuni, nasi tukanakili, na sikumbuki kama yupo aliyeuliza swali. Kwa hiyo nilipoanza, nilianza na mabara.

Vifaa vyangu vilikuwa viwili. Cha kwanza ni kitabu cha kidato cha pili kisicho na jalada, kilichoeleza sana habari za udongo, mvua na upepo, lakini hakikueleza dunia imekaaje, nadhani kwa sababu mwandishi aliamini kila amsomaye ameshaiona. Cha pili ni ramani ya dunia iliyotolewa fotokopi Kibiti, ndogo, ukubwa wa viganja viwili, nyeusi pale ilipopaswa kuwa ya kijivu. Niliitazama kila asubuhi, na ikifika jioni ilikuwa imenitoka. Usiku nilikuwa silali vizuri kwa sababu ya nguruwe wa porini, na mchana macho yalikuwa mazito. Mtu wa miaka arobaini na minne akisoma amechoka, maneno humpitia kama maji kwenye ungo.

Siku ya nne nikabadili njia. Kamba zangu zilikuwa sita. Nikaketi katikati ya dungu na ramani magotini, nikailinganisha na upande jua linakochomoza, kisha nikaipa kila kamba bara lake. Afrika ilikuwa pale nilipoketi, pamoja na majaruba, vile vipande vya mpunga vilivyo chini ya nguzo. Kamba ya kaskazini ikawa Ulaya. Ya kaskazini-mashariki, ndefu kuliko zote, Asia. Ya mashariki ikipinda kidogo kusini, Australia. Ya kusini, Antaktika. Ya magharibi, Amerika ya Kusini, na ya kaskazini-magharibi, Amerika ya Kaskazini. Mifereji ya maji kati ya majaruba nikaifanya bahari. Nikajiwekea sharti kwamba kamba haivutwi kabla sijataja bara lake, bahari zinazolizunguka, mlima wake mrefu na mto wake mkubwa.

Sharti hilo lilikuwa na kasoro moja ambayo ndege waliigundua mapema. Muda wa kutaja mto mkubwa wa Asia ni muda wa kutosha kundi zima kushiba.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa na dungu la pili upande wa mashariki, mita mia moja hivi, na sauti yake haikuhitaji simu. Alinisikia nikitaja milima kwa sauti siku nzima. Akaniambia kwamba ndege wa kwangu wanasoma, wakivuka kwenda kwake wanamwamkia kwa Kizungu. Siku nyingine akataka nimtafutie katika vitabu vyangu nchi isiyo na ndege ili ahamie. Nilikuwa nimesoma habari hiyo juzi yake, nikamjibu kwa uaminifu kwamba hata Antaktika wapo, ila wa kule hawaruki.

"Basi huko huko, shemeji," akasema. "Ndege asiyeruka si unampiga fimbo tu."

Mke wangu alikuwa akija kila baada ya siku mbili na chakula na maji ya kunywa, na akinipokea kamba nilale saa moja. Yeye shule aliishia la saba, tena karibu na pwani ya delta ambako watoto wengi walitoroka kwenda kukata mikoko. Hakucheka nilipomweleza zile kamba. Aliuliza mara moja tu, ipi ni ipi, kisha akawa anazijua kuliko mimi. Nikiwa nimejinyoosha na kanga usoni nilimsikia akinung'unika peke yake, na ikitokea kundi kubwa aliniamsha.

"Baba, amka, Asia inaliwa."

Nikaamka nikavuta kamba bila kutaja mlima wala mto. Kwa muda wa wiki tatu hivyo ndivyo tulivyosema sote. Nguruwe walipobomoa ukingo wa magharibi, habari iliyonifikia ni kwamba wameingia Amerika ya Kusini na wamelala humo. Shemeji naye, aliyeanza kwa dhihaka, siku moja akapiga kelele kwamba mbuzi wa mtu yuko Ulaya.

Njia ilifanya kazi. Kufikia mwisho wa mwezi wa tano niliweza kufumba macho na kuyapanga mabara yote, na hapo ndipo kosa lilipoingia, bila kelele, nami nikaliandika kwa kalamu nyekundu kama jambo nililolihakikisha.

Ramani yangu iliandikwa Bahari ya Pasifiki mara mbili, ukingoni kulia na ukingoni kushoto. Nililifikiria jambo hilo karibu asubuhi nzima. Kitabu kilisema Pasifiki ni bahari kubwa kuliko zote, hakikusema zaidi. Nikatazama shamba. Mashariki, baada ya kamba ya Australia, ulikuwapo mfereji wa mpakani na shamba la shemeji. Magharibi, baada ya Amerika mbili, ulikuwapo mfereji mwingine, kisha pori la matete. Mifereji hiyo haikukutana popote. Kati yake lilikuwa shamba langu lote. Nikaona mambo yanakwenda sawa: kama Amerika ziko mbili, Pasifiki nazo ni mbili. Nikaandika: Pasifiki ya Mashariki, inapakana na Asia na Australia. Pasifiki ya Magharibi, inapakana na Amerika zote mbili.

Nilijua kwamba dunia ni mviringo. Sentensi hiyo nimewafundisha watoto wa darasa la pili miaka kumi na mmoja, wakaiimba pamoja nami, na nilikuwa nikiwaonyesha kwa chungwa. Lakini niliijua kama mtu anavyojua jina la mji asiowahi kuufika. Shambani hapakuwa na mviringo. Palikuwa na mimi katikati, na pembe sita, na kila pembe ilikuwa na mwisho wake.

Tulivuna mwezi wa saba. Upande wa Asia ulitoa pungufu. Mke wangu alipepeta akapima akafunga magunia. Mwezi wa nane nikaenda Kibiti kwa bodaboda, nikalala kwa ndugu wa shemeji, asubuhi nikaingia katika chumba cha mtihani pamoja na vijana ambao wengi wao walivaa saa wasizozitazama. Karatasi ya Jiografia ilikuwa ya mwisho, siku ya pili, mchana.

Swali la sita lilikuwa na alama kumi. Lilisema meli inaondoka bandari ya mashariki ya Asia kwenda pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini: eleza njia iliyo fupi, taja bahari itakayopita na mstari muhimu itakaouvuka. Nilishukuru Mungu kimoyomoyo. Nikafumba macho, nikajiona niko juu ya dungu, nikaanza safari. Niliitoa meli Pasifiki ya Mashariki, nikaiteremsha kusini kupita visiwa, nikaiingiza Bahari ya Hindi. Niliipitisha mbele ya mdomo wa Rufiji, ingawa hilo sikuliandika. Nikaizungusha ncha ya kusini ya Afrika, nikaivusha Atlantiki, nikaipitisha chini kabisa ya Amerika ya Kusini, nikaipandisha kaskazini kwa Pasifiki ya Magharibi hadi bandarini. Mistari niliyoivuka niliitaja yote, Ikweta mara mbili. Ukurasa mmoja na nusu. Sijawahi kuandika jibu kwa furaha kama ile.

Usiku ule, kabla ya kulala, niliandika upya kwenye daftari majibu yangu yote ya karatasi ile, swali kwa swali, ili matokeo yakitoka nijue yametoka wapi.

Yalitoka mwezi wa kumi. Mwalimu mkuu alinipigia simu kwanza akasalimia sana, akauliza hali ya mke wangu, ya shemeji, ya mto. Nikajua. Kiswahili sabini na nane, Hisabati sabini na moja, malezi themanini na mbili. Jiografia arobaini na nne, na kupita ni hamsini. Akaniambia kuna nafasi ya kukata rufaa, karatasi isahihishwe upya, ndani ya siku kumi na nne, ada shilingi elfu thelathini. Akasema wapo waliopandishwa alama nane, wapo waliopandishwa kumi.

"Sita tu, mzee wangu," alisema. "Sita ni mkono wa msahihishaji tu, labda alikuwa na njaa."

Shemeji alisema vivyo hivyo, kwa maneno makali zaidi. Alisema mtu aliyetaja Ikweta mara mbili haanguki. Siku ya pili yake mke wangu akauza mpunga debe mbili na kidogo, akanipa elfu thelathini zimekunjwa kwenye karatasi, na hakuuliza kama nina uhakika.

Nilifika ofisi ya elimu, Kibiti, saa tatu na nusu asubuhi. Binti wa mapokezi aliniamkia vizuri, akanipa fomu, akasema afisa anayezipokea ametoka kunywa chai nimngoje. Fomu ilikuwa na nafasi ya mistari minne ya sababu za rufaa. Nikatoa daftari langu. Nilikuwa nimeyapitia majibu yangu na kitabu mara tatu, nikajipa alama kwa ukali, na maswali yote mbali na la sita yalinipa arobaini na nne zilezile. Kwa hiyo msahihishaji hakuwa na njaa. Tofauti yote ilikuwa katika swali la sita, ambalo yeye alilipatia sifuri, nami nililipatia kumi.

Juu ya kabati la mafaili, nyuma ya binti yule, lilikuwapo tufe la plastiki kwenye mguu wa chuma. Maishani nilikuwa nimeona picha za matufe tu. Nikamwomba nilitazame. Akalishusha, akapangusa vumbi kwa kiganja, akaniwekea mezani, akaendelea na simu yake.

Niliweka kidole Asia, upande wa mashariki. Nikakipeleka kusini, kama nilivyoipeleka meli yangu, nikavuka Bahari ya Hindi, na nilipopita pwani yetu nikaona ni nafasi isiyofika ukucha. Nikazunguka Afrika, nikavuka Atlantiki, nikapita chini, nikapanda hadi pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Ilinibidi kulizungusha tufe kwa mkono wa kushoto ili kidole kifike. Kilipofika, tufe lilikuwa limegeuka karibu lote, na mbele ya kidole changu, ng'ambo ya rangi moja ya buluu isiyokatika, ilikuwapo bandari niliyoanzia.

Nikalirudisha tufe nyuma, nikaianza safari upya. Binti akauliza:

"Baba, unatafuta nchi gani nikusaidie?"

"Natafuta Pasifiki ya pili."

Akainama akatazama, akalizungusha mara moja, taratibu, kwa heshima ya mtu anayetafuta kitu cha mgeni kilichopotea.

"Ni hiyo hiyo," akasema. "Inazunguka huku inatokea huku."

Nilimshukuru. Nikaketi kwenye benchi, nikaishika fomu. Mistari minne ilikuwa mitupu. Nilijaribu kwa dhati kuandika sababu, maana nilijua kinachokaa upande wa pili wa karatasi ile: watoto thelathini na saba, ubao nilioupaka weusi wa betri zilizokwisha kwa mikono yangu, asubuhi za miaka kumi na mmoja. Ningeweza kuandika kwamba naomba karatasi iangaliwe kwa huruma. Ningeweza kuiacha tupu nikalipa tu, wapo wanaofanya hivyo. Lakini mimi ndiye ningekuwa namwomba mtu aandike kumi mahali ambapo nimeona kwa kidole changu kwamba ni sifuri, halafu Januari nisimame mbele ya watoto na chungwa mkononi. Uchovu wa miezi yote ile ulinijia wakati mmoja. Afisa aliporudi, nikamwambia nimeghairi. Akasema sawa, akaichukua fomu, akairudisha kwenye rundo kwa sababu ilikuwa bado safi.

Nje nikanywa chai na chapati moja, nikatafuta bodaboda ya kurudi.

Mke wangu alikuwa uani akichambua mchele. Akaniuliza kama wameipokea. Nikamwambia sikuipeleka, na nikamweleza kwa nini, bahari kwa bahari, bila kuruka kitu. Alisikiliza hadi mwisho, mkono ukiendelea kutoa chuya.

"Ungejaribu tu," alisema.

"Ningejaribu kusema nini?"

Akatupa chuya pembeni. Kisha akasema, polepole, kwamba na yeye alidhani ni mbili. Baada ya hapo hatukulizungumza tena.

Januari walikuja walimu wawili, wasichana wote, wenye vyeti, mmoja kutoka Mkuranga na mwingine sikumuuliza. Niliwakabidhi daftari la mahudhurio na ufunguo, nikawaonyesha watoto watatu wanaohitaji kukaa mbele kwa sababu ya macho. Wakaniita mzee, wakanibebea kiti hadi nje. Siku hizi nalima tu.

Lakini jioni ile niliporudi kutoka Kibiti, mke wangu alipomaliza kuchambua, nilimrudishia ile karatasi iliyokunjwa. Elfu kumi na mbili zilikwenda kwa bodaboda, kwenda na kurudi, na mia nane kwa chai na chapati. Akazihesabu mbele yangu, akazifunga kwenye pindo la kanga: shilingi elfu kumi na saba na mia mbili.